Mtetemo wa mwili mzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva, makondakta na abiria wa Tanga

Baba yangu aliendesha trekta la kuvuta mkonge kwa miaka mingi, upande wa Muheza. Tukimuuliza kama trekta halimchoshi, alijibu neno moja tu: "Nimezoea." Alipovuka miaka hamsini akawa anasali amekaa kitini, maana kurukuu kulimshinda. Siwezi kuapa kwamba trekta peke yake ndilo lililomfikisha pale, kwa sababu mgongo una maadui wengi. Ila neno lile nimekuja kulisikia tena kwa madereva wa malori, kwa vijana wa bodaboda na kwa makondakta wa stendi ya Kange, kwa sauti ileile. Sasa kazi yangu ni kufundisha usalama kazini, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Mtetemo wa mwili mzima ni nini?

Ni mtetemo unaokuingia kupitia kitu kinachokubeba. Ukiwa umekaa unapitia makalio na mgongo. Ukiwa umesimama kwenye daladala unapanda kutoka nyayo. Ukiwa umelala kwenye nyumba iliyo kando ya barabara kuu, unakufikia kitandani. Mtetemo wa mikono ni habari nyingine: ule wa usukani wa pikipiki, wa msumeno wa mashine au wa mashine ya kuvunjia mawe, ambao kwa miaka unaharibu mishipa ya vidole na kuvitia ganzi. Kijana wa bodaboda anapata yote mawili, lakini hapa nauzungumzia ule wa mwili mzima.

Ili kuueleza tunahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni mara ngapi unajirudia kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi: mtetemo wa hezi 5 hupanda na kushuka mara tano kila sekunde. Cha pili ni ukali wake, ambao hupimwa kwa mchapuko, yaani mwendo wako unabadilika kwa ghafla kiasi gani, kwa mita kwa sekunde kila sekunde. Ukiona hapa chini namba kama 0.5 imekaa peke yake, ni huo mchapuko.

Ni kiungo gani kinachouhisi?

Hakuna kimoja. Kuona kuna jicho na kusikia kuna sikio, lakini mtetemo unagawanywa. Mtikisiko wa polepole, kama wa mashua, husomwa zaidi na sehemu ya sikio la ndani inayotuwekea mizani. Ule wa kati unahisiwa na misuli, viungio na hata matumbo yanapovutwa huku na huku. Ule wa haraka sana husomwa na ngozi, kwa vinundu vidogo vya fahamu ambavyo hupenda zaidi mitetemo ya mamia ya hezi. Macho yanachangia yakiona kioo kinacheza, na masikio yanachangia yakisikia bodi la gari linagonga. Ndiyo maana gari lenye kelele huhisiwa kuwa linatikisa zaidi kuliko kipimo kinavyosema.

Mtetemo mdogo kabisa ambao mtu anaweza kuuhisi ni upi?

Mdogo kuliko unavyodhani. Kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 2631-1, toleo la mwaka 1997, kinasema nusu ya watu wenye afya njema na walio makini wataanza kuhisi mtetemo ambao kilele chake ni 0.015. Hiyo ni takriban sehemu moja ya 650 ya mvuto wa dunia. Wengine hushtuka ukiwa 0.01 na wengine mpaka ufike 0.02. Kati ya watu wenye afya ileile, basi, mmoja anaweza kuhisi kitu ambacho mwenzake kitandani hajakisikia hata kidogo, na wote wawili wanasema kweli.

Watu wamekuwa wakiulizwa swali hili kwa utaratibu tangu zamani. Mwaka 1931 Wajerumani wawili, Reiher na Meister, waliwasimamisha na kuwalaza watu kwenye jukwaa linalotikiswa, kisha wakawaomba waseme wenyewe: sihisi, nahisi kwa mbali, nahisi wazi, unaniudhi. Napenda jambo hilo katika kazi yao. Mashine ilitikisa, lakini jibu lilitoka kinywani mwa mtu.

Mbona tumepanda gari moja, mwenzangu yuko sawa na mimi nimechoka hoi?

Kwanza, huenda hamkukaa mahali pamoja, na nitalirudia jambo la siti. Pili, miili haifanani: uzito, urefu, unene wa misuli, jinsi unavyoegemea, umekaza kiuno au umekilegeza. Aliyekunja magoti kidogo akiwa amesimama hupitisha mtetemo mchache kichwani kuliko aliyeyakaza, kwa sababu miguu inafanya kazi ya springi. Makondakta wa zamani wanajua hili bila kufundishwa. Mtazame mmoja akisimama mlangoni: magoti hayanyooki hata siku moja.

Tatu, kuna matarajio. Mtikisiko ambao ndani ya basi hauujali, ukikujia usiku kitandani unakutoa usingizini, kwa sababu nyumbani tunategemea utulivu. Na mtu aliyelala vibaya, mwenye homa au mwenye hofu na mwendo wa dereva, atauona mtetemo uleule kuwa mzito zaidi. Kumwambia mtu huyo "unajidekeza" ni kumkosea.

Kwa nini gari likipita juu ya rasta, yale matuta madogo yaliyopangana barabarani, nikizungumza sauti inakatikakatika na tumbo linacheza?

Kila kitu kinachoning'inia au kukaa juu ya kitu laini kina mwendo wake kinaoupenda. Sukuma bembea kwa mwendo wake na itapaa hata ukiwa na nguvu kidogo. Isukume nje ya mwendo huo na utachoka bure. Wataalamu huita hali hii resonansi. Mwili wa mtu aliyekaa, ukitikiswa juu na chini, unapenda mwendo wa karibu hezi 5. Hapo kifua, tumbo na mabega vinacheza zaidi ya siti yenyewe, yaani siti inapanda kidogo na wewe unapanda zaidi. Ndiyo sababu vipimo vya mtetemo wa wima vinaupa uzito mkubwa ule wa kati ya hezi 4 na 8.

Mtikisiko wa pembeni, kushoto na kulia au mbele na nyuma, unatuchosha zaidi ukiwa wa polepole, hezi 1 hadi 2. Hapo kiwiliwili chote kinayumba na misuli inahangaika kukirudisha.

Sauti inakatika kwa sababu kifua kinaposukumwa na tumbo kutoka chini, hewa inatoka kwa mapigo. Watoto wanaopenda kusema "aaaaa" gari likipita kwenye rasta wanafanya jaribio zuri kabisa. Kusoma ujumbe kwenye simu nako kunakuwa taabu, kwa sababu kichwa, mkono na simu kila kimoja kinacheza kwa mwendo wake na jicho haliwezi kuvifuata vyote.

Dereva anasema kwenye barabara ya vumbi yenye mabonde madogo madogo, ukikimbiza haitikisi. Ni kweli?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote. Unajua ninachosema kama umewahi kwenda Pangani kabla ya lami, au umepanda kwenda Amani wakati wa kiangazi: barabara imejikunja kama bati la nyumba, mgongo na bonde, mgongo na bonde.

Tufanye hesabu. Chukua migongo iliyoachana sentimita 70. Ukienda kilomita 12 kwa saa, gari linakanyaga karibu migongo 5 kila sekunde. Hizo ni hezi 5, palepale mwili unapouma zaidi. Ukienda 40 zinakuwa kama hezi 16, na huko ekseli na magurudumu yenyewe hupata resonansi yake, ndipo bodi zima linapiga kelele kama debe la misumari. Ukifika 60 zinakuwa karibu hezi 24. Kwa mwendo huo mwili hauusikii sana mtetemo wa wima, na gurudumu halipati muda wa kushuka bondeni; linaruka kutoka mgongo hadi mgongo. Kwa hiyo ndani ya gari kunatulia kidogo, na dereva hajakudanganya kuhusu anachokihisi.

Lakini gurudumu linaloruka halijashika barabara. Breki zinakamata hewa, usukani unakuwa mwepesi, na kona ya kwanza yenye mchanga inaweza kulitupa gari mtaroni. Utulivu aliokupa ameununua kwa usalama wako wote. Tena, mawe na mashimo hayafuati mpangilio wa ile migongo, na ukilipata shimo moja kwa 60, pigo lake linaweza kuzidi kero yote uliyoikwepa. Ushauri wangu kwa madereva ni kutafuta ukingo uliolainika, kupunguza mwendo mpaka kilomita chache tu ikibidi, na kuhakikisha shokapu zinafanya kazi. Shokapu iliyokufa hugeuza barabara nzuri kuwa mbaya.

Nikae siti gani?

Katikati, baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari likipita tuta linainamisha pua kisha mkia, kama bembea ya ubao ya watoto, na anayekaa katikati ndiye anayesogea kidogo kuliko wote. Siti ya mwisho kabisa ya basi, ile iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma, ndiyo inayorusha watu mpaka vichwa vinagonga paa. Mama mjamzito, mzee, au mtu aliyefanyiwa upasuaji asikubali kupelekwa kule hata kama konda anasema "mama, nyuma kuna nafasi nzuri". Omba ubadilishane na kijana. Watu wa Tanga hawakatai wakiombwa kwa lugha nzuri.

Si mwili utazoea tu?

Kuna vitu viwili vinavyoitwa kuzoea, na tunavichanganya.

Cha kwanza ni cha akili na neva. Mtetemo ukikaa muda mrefu unaacha kuujali, kama unavyoacha kuisikia feni. Hilo lipo kweli, na lina faida: baharia wa siku ya kumi hatapiki kama wa siku ya kwanza, kwa sababu ubongo wake umejifunza mwendo wa chombo.

Cha pili ni kile tunachokitamani: kwamba pingili za mgongo nazo zimejifunza. Fikiria jinsi diski zilizo kati ya pingili zilivyo. Kwa mtu mzima, ndani ya diski hamna mishipa ya damu. Inapata chakula kwa kunyonya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo jirani. Sehemu yake ya ndani haina pia mishipa ya fahamu. Kitu ambacho hakina damu kinapona taratibu, na kitu ambacho hakina fahamu hakipigi kelele mapema. Mtikisiko unaikandamiza na kuiachia maelfu ya mara kwa siku, na misuli ya mgongo inayopaswa kuilinda inachoka na kuanza kuchelewa kuitikia. Wewe unasema umezoea kwa sababu ngozi imenyamaza.

Uchunguzi uliofanywa nchi nyingi kwa madereva wa matrekta, malori, mabasi na mitambo ya kuchimba umekuta maumivu ya kiuno zaidi kwao kuliko kwa watu wanaofanya kazi zisizotikisa. Ni haki kusema pia kwamba madereva hao hao hukaa muda mrefu, hugeuza shingo kutazama jembe nyuma, na hupakia mizigo. Kutenganisha sababu moja na nyingine ni kazi ngumu. Lakini dereva hana haja ya kuzitenganisha. Zote zinakutana kwenye kiuno chake.

Mtetemo kiasi gani kwa siku ni mwingi mno?

Kwa faraja ya abiria, ISO 2631-1 inatoa mwongozo huu wa wastani wa mtetemo kwenye siti: chini ya 0.315 watu hawalalamiki. Kati ya 0.5 na 1 wanaanza kukosa raha waziwazi. Ukipita 2 ni adha kubwa. Mipaka yake inaingiliana makusudi, kwa sababu watu hawafanani.

Kwa afya ya mfanyakazi, kipimo kinachotajwa sana ni cha Umoja wa Ulaya, kilichowekwa mwaka 2002. Ukifikia 0.5 kwa siku ya kazi ya saa 8, mwajiri anatakiwa aanze kuchukua hatua. Ukifikia 1.15 kwa saa 8, huo ndio ukomo. Hiyo si sheria yetu, lakini ni rula nzuri ya kujipimia.

Jambo la kushika ni namna muda na ukali vinavyobadilishana. Ukali ukiongezeka maradufu, muda unagawanywa kwa nne. Mtetemo wa 0.5 kwa saa 8 ni sawa na wa 1 kwa saa 2, au wa 2 kwa nusu saa. Sasa mtazame dereva wa daladala anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kulaza gari saa tatu usiku. Tuseme, kwa mfano tu, gari lake linatikisa 0.6, na kati ya muda wote huo saa 12 liko kwenye mwendo. Ukiirudisha kwenye siku ya saa 8 unapata takriban 0.73. Ameshapita kiwango cha kuchukua hatua, na ile barabara wala si mbaya sana.

Wastani nao una tabia ya kuficha mapigo. Safari laini yenye matuta kumi yaliyorukwa kwa kasi inaweza kutoa wastani mdogo wakati kiuno kimepata vipigo kumi. Kwa hiyo kuna kipimo kingine kinachoyapa mapigo uzito mkubwa zaidi: humo ukali ukizidi maradufu, muda unaolingana unapungua mara 16. Kwa lugha ya stendi, tuta moja lililorukwa kwa pupa lina deni refu.

Nikiweka sponji nene au mto kwenye siti, si nimemaliza?

Huenda umeongeza. Sponji ni springi, na siti nyingi za sponji zina mwendo wao unaopendwa karibu hezi 4. Kwenye mwendo huo siti haipunguzi mtetemo, inaukuza. Inasaidia kwa mitetemo ya haraka zaidi, ile inayosikika kama mngurumo. Sponji nene lililochakaa lina hatari nyingine: ukishuka kwenye shimo linabonyea lote mpaka unagonga chuma, na pigo hilo ni baya kuliko siti ngumu kidogo isiyobonyea.

Siti za malori na matrekta mapya zenye springi au upepo chini yake zina mwendo wa polepole zaidi, karibu hezi 2 au chini ya hapo, kwa hiyo zinachuja ule wa hezi 5. Lakini zina kitasa cha kurekebisha kwa uzito wa dereva, na karibu kila ninapokagua nakuta kimekwama pale alipokiacha dereva wa kwanza. Mtu wa kilo 60 akikaa kwenye siti iliyowekewa mtu wa kilo 100, ile springi haifanyi kazi. Wa kilo 100 kwenye siti ya kilo 60 anagonga chini kila shimo. Dakika moja ya kuzungusha kitasa ni dawa ambayo haiuzwi popote.

Kwa fundi anayeshona siti Ngamiani na anayesoma hapa: mtu akiwa amekaa, hawezi kutambua tofauti ya mtetemo mpaka ibadilike kwa takriban asilimia 10. Ukibadilisha sponji na kupunguza mtetemo kidogo kuliko hapo, mteja wako ataona kitambaa kipya tu.

Na bodaboda je?

Upepo wa matairi ukizidi, pikipiki inakuwa jiwe. Shokapu za nyuma zikivuja, ndiyo basi. Kwenye shimo au reli, inua makalio kidogo na usimame kwenye vikanyagio huku magoti yamekunjwa. Miguu yako ni springi bora kuliko zote zilizotengenezwa. Abiria aliyekaa nyuma anakaa juu ya ekseli na mara nyingi halioni shimo linakuja, kwa hiyo mwambie: "Shika, tunaruka reli."

Nina mimba. Nipande?

Viwango nilivyotaja viliandikwa kwa watu wenye afya ya kawaida, havikuandikwa kwa mama mjamzito. Sheria ya Ulaya kuhusu wafanyakazi wajawazito inautaja mshtuko na mtetemo miongoni mwa mambo ambayo mwajiri lazima ayatathmini. Kwa safari ya lami ya mjini, siti ya katikati na dereva mpole, hofu si kubwa. Kwa pikipiki kwenye njia ya mawe, au kazi ya ukondakta siku nzima, ongea na mkunga wa kliniki mapema na mweleze unasafiri vipi hasa, siyo "nasafiri" tu. Ukiona damu, maji au maumivu yanayokuja na kuondoka, nenda hospitali hapohapo.

Gari halinisumbui, lakini boti ya Pemba inanimaliza. Kwa nini?

Kwa sababu ni jambo tofauti kabisa. Kichefuchefu cha bahari kinaletwa na mwendo wa polepole sana, chini ya hezi 0.5, na mbaya kuliko wote uko karibu na hezi 0.2: chombo kupanda na kushuka mara moja kila sekunde tano. Mawimbi ya mkondo wa Pemba msimu wa kusi yanaweza kukupa mwendo wa namna hiyo. Mwili hautetemeki hata kidogo, lakini sikio la ndani linasema tunapaa, macho yanayotazama kuta za boti yanasema tumetulia, na ubongo hauelewi umwamini nani.

Wanawake kwa wastani husumbuka zaidi kuliko wanaume, na kwa watu wazima tatizo hupungua umri unavyosogea. Kaa katikati ya chombo na chini, tazama upeo wa bahari, usisome. Wazee wa Sahare wanaolala chali kwenye mashua hawakukosea: kulala kunapunguza.

Treni?

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911, na ni ya upana wa mita moja. Behewa la reli nyembamba huyumba pembeni kwa mwendo wa polepole, na nilishasema pembeni ndiko tunakoumia kwa hezi 1 hadi 2. Egemea vizuri, usikae umejikunja kwenye ukingo wa siti.

Malori yakipita nyumba inatetemeka. Itaanguka?

Mara nyingi hapana. Mwili unahisi mtetemo muda mrefu kabla haujafikia ule wa kupasua ukuta uliojengwa vizuri. Tofauti yake ni makumi ya mara. Nyumba ya udongo au yenye msingi mbovu ni kesi nyingine, na ufa mpya uandikie tarehe kwa penseli kwenye ncha zake ili ujue kama unakua. Lakini hata kama ukuta ni mzima, kukosa usingizi ni madhara kamili, na mtu anayelalamika kwenye serikali ya mtaa kwa ajili ya usingizi analalamikia kitu halisi.

Naweza kupima kwa simu?

Unaweza kupata picha. Simu nyingi zina kipimo cha mchapuko ndani, na zipo programu za kukisoma. Kipimo rasmi hutumia kisahani cha mpira unachokikalia, chenye vihisio vya pande tatu, na kwa mtu aliyekaa mtetemo wa pembeni huzidishwa kwa 1.4 unapohesabu afya. Simu iliyo mfukoni inapima mfuko wako. Iweke chini ya paja, juu ya siti, usiishike, na uitumie kulinganisha tu: siti hii na ile, mwendo huu na ule, kabla ya kubadilisha shokapu na baada.

Mashine za kusimama zinazotetemesha mwili kwa mazoezi?

Zinatetemesha kwa hezi 20 hadi 50 hivi, na kwa ukali ambao kazini ungepita ukomo kwa dakika chache. Mwenye tatizo la mgongo, macho, mawe ya figo au ujauzito asipande bila kuuliza daktari. Wengine wakunje magoti na washuke mapema.

Mgongo umeanza kuuma. Nianzie wapi?

Anza na daftari. Andika siku, gari, njia, saa ulizoendesha, na maumivu yalianza lini. Ukishuka kwenye gari baada ya safari ndefu usinyanyue gunia papo hapo. Tembea dakika chache kwanza, kwa sababu misuli ya mgongo bado imechoka na diski ziko kwenye hali mbaya ya kubeba. Ganzi inayoshuka mguuni, mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo si mambo ya kuchua na mafuta: nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Kisha zungumza kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inataka mfanyakazi apimwe afya, na kama unaendesha gari la kampuni hilo linakuhusu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unashughulikia magonjwa yatokanayo na kazi, na hapo ndipo lile daftari litakaposema kwa niaba yako. Dereva wa gari la hesabu, anayempelekea tajiri fedha kila jioni, hali yake ni ngumu zaidi na ninaijua. Kwake ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba shokapu mpya ni sehemu ya hesabu.

Bosi anasema siti ni nzima. Mimi nasema inaniua. Nani yuko sahihi?

Niliwahi kuulizwa hivi na dereva wa tipa, mbele ya msimamizi wake. Msimamizi alikuwa ameikalia ile siti gari likiwa limezimwa, uwanjani, akaibonyeza kwa kiganja na kusema iko vizuri. Nikamwomba apande, akae yeye kwenye siti ile ya dereva safari ya kurudi gari likiwa tupu, maana tipa tupu ndilo linalorusha zaidi. Springi zake zimetengenezwa kwa ajili ya tani za mawe, na bila mzigo ni ngumu kama chuma kitupu. Walikwenda na kurudi. Msimamizi aliposhuka alisimama kidogo ameshika kiuno, hakusema kitu, kisha akaenda stoo kuuliza kama kuna siti nyingine.

Siti ilibadilishwa wiki iliyofuata. Kitasa chake tukakiweka kwa kilo za yule dereva, tukaandika namba kwa rangi nyeupe pembeni, na wa zamu ya usiku akaandikiwa ya kwake chini yake.